Kibao cha Kutungia Shanga
(Maneno yaliyosemwa Kigali mbele ya vikundi vya kazi za mikono, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya jambo ambalo wengine watalicheka: mahali pa kuwekea shanga wakati wa kuzitunga. Tumekubali kwa sababu Kamati iko karibu kuamua fedha za mradi zinunue nini, na pendekezo lililoletwa ni meza sita ndefu za kuwekwa ukumbini. Sisi walimu tunaosaidia vikundi jioni tunaomba inunuliwe meza moja tu, na fedha zinazobaki zitengenezewe vibao vya mkononi, kila mtungaji chake.

Tuanze na ushanga wenyewe. Ushanga mdogo wa kioo tunaoutumia zaidi ni namba 11, upana wake kama milimita 2. (Namba ikipanda punje hupungua, kwa hiyo anayeagiza namba 15 akidhani ataletewa kubwa, ataletewa vumbi.) Gramu moja ya namba 11 ina punje karibu mia moja. Nyingine hutoka Jablonec katika Jamhuri ya Cheki, nyingine Japani, nyingine Uchina, na hadi zifike kilimani kwetu zimeshalipiwa njia ndefu. Punje ya kioo ikianguka juu ya ubao mtupu huruka. Ikianguka kwenye sakafu ya udongo huzama, na asubuhi hufagiliwa pamoja na majivu. Wazee wa upande huu wa maziwa wasingestahimili hasara hiyo. Katika karne ya 19 sokoni Ujiji shanga zilikuwa fedha: mtu alinunua samaki na unga kwa shanga zilizoitwa sofi, na katika njia za misafara zilihesabiwa kwa khete, khete kumi zikifanya fundo moja. Kwetu pia ni fedha. Tangu 2021 msaada wa chakula kambini hutolewa kwa kufuata makundi ya mahitaji, na nyumba ambayo haimo katika orodha hutafuta chumvi na sabuni kwa mikono yake.

Sasa tutazame kazi hii inafanyika wapi. Kiziba iko juu ya kilima cha Karongi tangu 1996. Nyumba ni ndogo, zimeshikana, na sakafu nyingi zimeinama kufuata mlima. Mama hatungi shanga kuanzia saa mbili mpaka saa kumi kama karani. Hutunga akingoja foleni ya maji, hutunga chungu kikiwa jikoni, hutunga mtoto akilala, na mtoto akiamka huacha. Ukumbi hufungwa jioni, wakati ule ule anapopata nafasi. Na kazi iliyoachwa nusu juu ya meza ya wote, kesho yake nyekundu imeingia katika nyeupe na hakuna anayejua nani aliipita. Kibao hubebwa na kazi yake juu, hufunikwa kitambaa, huwekwa juu ya kabati au karibu na dari, mbali na watoto. Hili la watoto tunalisema kwa uzito. Mtoto wa miaka miwili akikuta ushanga huujaribu puani au sikioni, na sisi walimu tumewasindikiza zaidi ya mmoja kituo cha afya.

Tumejaribu vyombo vilivyomo majumbani. Sinia la bati lina ukingo mzuri lakini shanga hurukaruka ndani yake na sindano huteleza. Kitenge juu ya mapaja huhama kila unapovuta uzi, na maua yake huficha rangi ya shanga. Macho yanachoka kabla ya mikono. Taulo ni adui: vile vitanzi vyake hukamata ncha ya sindano. Ungo, ambao wenyeji wetu huuita intara, ndio akina mama wanaoupenda, na tunaelewa sababu, maana ni mwepesi, una ukingo, na mkono umeuzoea tangu utotoni. Kwa shanga kubwa na za karatasi unafaa kabisa. Kwa namba 11 haufai, nyufa za ususi hula punje moja moja, na hutajua mpaka mkufu upungue.

Kilichotushinda kukipinga ni kipande cha plaiwudi kilichovishwa blanketi. Hapa Kigali, kwenye karakana za Agakiriro ka Gisozi, maseremala wanakata mbao kutwa na vipande hubaki. Twende na kipimo: sentimita 40 kwa 30, ili kikae juu ya mapaja bila kuzidi magoti. Pembeni kipigiliwe ukingo wa sentimita moja. Ukingo mrefu zaidi huchoma vifundo vya mikono, na baada ya wiki mtu atakiacha kibao. Blanketi liwe lililochakaa (wageni wetu wasishtuke, hatukati mapya), lisilo na manyoya marefu. Livutwe mpaka likaze, lipigiliwe kwa misumari midogo upande wa chini. Lisigandishwe kwa gundi, kwa kuwa litahitaji kufuliwa na kubadilishwa. Rangi bora ni kijivu, kwa sababu nyeupe, nyekundu na nyeusi zote huonekana juu yake. Anayetunga nyeupe juu ya kitambaa cheupe anapapasa tu. Mahameli pia ni mazuri, ila hatuna sababu ya kuyanunua.

Upande wa chini usivishwe kitu, upigwe msasa tu. Wanaotengeneza shanga za karatasi wanahitaji mahali pagumu na laini pa kuviringishia karatasi, na blanketi lingewaharibia kazi. Hivyo kibao kimoja kitahudumia kazi mbili kwa kugeuzwa, basi misumari ya blanketi ipigwe pembeni kabisa isije ikakwaruza karatasi.

Mjumbe mmoja alituuliza kuhusu migongo, na swali lake ni la haki. Kukaa chini umeinama saa tatu kunaumiza. Keti kwenye kigoda, egemeza mgongo ukutani, inua kibao kwa mto au nguo zilizokunjwa mpaka viwiko vitulie, na mlango uwe upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike sindano. Sakafu ikiinama, weka kijiwe chini ya kigoda. Wazee na wenye ulemavu wasioweza kukaa hivyo ndio watakaotangulia kwenye ile meza moja ya ukumbini, pamoja na kazi za kupima na kupaka vanishi.

Kuhusu kuhifadhi, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008, kwa hiyo kila kibao kije na makopo matatu yenye vifuniko. Makopo yanapatikana, tuanze kuyakusanya.

Vipimo tumevichora kwenye karatasi na tumemkabidhi katibu wa Kamati. Tunaomba kwanza vitengenezwe vibao kumi, vigawiwe kwa vikundi viwili kwa mwezi mmoja, na akina mama wenyewe waseme ukingo uongezwe au upunguzwe kabla seremala hajakata vingine. Anayetaka kukijaribu leo, kimoja kipo hapa mbele, na shanga zimo.