Mazoezi na Msongo wa Mawazo: Anza na Unachoweza

Leo tuzungumze kuhusu mazoezi ya mwili na msongo wa mawazo, na hasa jinsi ya kujiwekea lengo ambalo hutalitupa baada ya siku 3.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Mama mmoja alikuja kliniki akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, usingizi haupati, na kila kitu kinamkera, hata kicheko cha watoto wake. Nilipompima, presha ilikuwa 150 kwa 96. Siku nyingine tukampima tena, ikawa vile vile, akaanzishiwa dawa. Mimi nikamwambia, "Na ufanye mazoezi, mama." Basi. Nje kulikuwa na foleni ndefu, sikumweleza mazoezi gani wala kwa kiasi gani.

Akaenda nyumbani akapanga kukimbia saa nzima kila alfajiri, na kupunguza kilo 20 kabla ya Krismasi. Alikimbia siku 2. Siku ya tatu magoti yakavimba, ya nne mtoto akaugua, ya tano akaacha kabisa. Kuacha kukimbia si neno. Kilichoniumiza ni kwamba aliona haya kurudi kliniki, akidhani nitamuuliza habari ya mazoezi, akakaa miezi 2 bila dawa. Aliporudi, presha ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Ndiyo sababu siku hizi sisemi "fanya mazoezi" nikaishia hapo.

Unapokuwa na wasiwasi, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kortisoli. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huwa fupi, misuli hukaza. Mwili umejitayarisha kukimbia hatari, lakini karo ya shule haikimbiwi! Unabaki nayo shingoni na mabegani, na usiku unaikuta kitandani. Ukiutembeza mwili kidogo, misuli hulegea, pumzi hutulia, na usingizi huja kwa urahisi zaidi. Huhitaji kupungua hata kilo moja ili kuona faida hiyo.

Je, ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya mwili ya wastani. Usishtuke. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Tena shirika hilo hilo lilisema kidogo ni bora kuliko kutofanya chochote. Mwongozo wa mwaka wa 2010 ulitaka kila kipindi kisipungue dakika 10 mfululizo, lakini huu wa 2020 uliliondoa sharti hilo. Kwa hiyo hata dakika 5 za kwenda dukani kwa haraka zinahesabika. Mwendo wa wastani utautambua hivi: unaweza kuongea, lakini kuimba kunakushinda.

Najua wapo wanaoniuliza, "Sista, mimi nachota maji, nalima, nafua. Mazoezi mengine ya nini?" Ni kweli, mama, hiyo yote ni kazi ya mwili na inahesabika. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, hakuna asiyejua uzito wake. Wewe sitakuongezea mzigo. Lengo lako laweza kuwa kutembea dakika chache bila kubeba chochote, au kunyoosha mgongo na mabega kabla ya kulala.

Nasi Wakenya tuna shida yetu. Tukisikia mazoezi tunawaza mbio za marathoni. Catherine Ndereba alishinda Boston mara 4, miaka ya 2000, 2001, 2004 na 2005, naye ni mama. Tunajivunia. Lakini ile ilikuwa kazi yake, na wewe kazi yako ni nyingine.

Basi yule mama tuliketi tena, mara hii bila haraka. Nikamuuliza, ni jambo gani unalofanya kila siku bila kukosa? Akasema kumpeleka mtoto nasari. Akienda anamwongoza mtoto, akirudi mikono ni mitupu. Tukakubaliana: siku 3 kwa wiki, akirudi azunguke kwa njia ndefu, kama dakika 10 hivi. Habari ya kilo tuliiweka kando. Kila akitembea, aweke alama kwenye kalenda ya ukutani. Baada ya wiki 2 akaniambia ni kidogo mno. Nikamwambia abaki hapo hapo mpaka wiki ya nne, kisha akaongeza zikawa 15.

Mvua za masika zilipoanza tukabadilisha. Maharagwe yakichemka, alitembea papo hapo ndani ya nyumba, akiinua magoti. Watoto walimcheka sana, kisha wakajiunga naye. Na ukikosa siku moja, endelea siku inayofuata. Usilipe kama deni kwa kufanya mara mbili. Presha yake imeshuka, na dawa bado anameza. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, tafadhali.

Kwa mlezi anayemtunza mgonjwa asiyeinuka kitandani, najua huwezi kutoka utakavyo. Lengo lako la kwanza lisiwe kutembea. Liwe kumwomba shemeji, jirani au kijana wa nyumbani akushikie zamu dakika 15, siku 2 kwa wiki. Ukishapata zamu hiyo, kutembea kutafuata.

Mama aliyejifungua juzi, anza polepole, mwendo mfupi hapo uani. Ikiwa ulifanyiwa upasuaji, usiinue vitu vizito, na uliza uchunguzwe siku ile unapompeleka mtoto chanjo ya wiki 6 kabla ya kuongeza mazoezi. Mjamzito pia aweza kutembea, lakini akitokwa na damu au maji aache mara moja aende hospitali. Mtu yeyote akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumkatika, asiendelee.

Kuna msongo usioondoka kwa kutembea. Ukikaa wiki 2 na huzuni isiyoisha, huli, hulali, au yakikujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, njoo kliniki siku hiyo hiyo. Hatutakukemea. Na kama chanzo ni kupigwa nyumbani, piga simu namba 1195, haitozwi pesa.

Sasa chukua kalamu na karatasi, au mtume mtoto akuletee. Andika jambo moja tu: utatembea siku zipi, baada ya shughuli gani, kwa dakika ngapi. Ukiona ulichoandika ni kikubwa, kipunguze nusu. Ukija kliniki njoo nacho, hata kama hukukitimiza.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu usingizi wa mama mwenye mtoto mchanga. Kwa sasa, nakutakia mchana mwema.