Vikuku Saba vya Bibi

Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Kasulu



Nilipoombwa kuzungumza niliambiwa nichague jambo lolote, mradi nisiwacheleweshee chakula. Wengi mlitazamia kwamba mtumishi wa serikali atasema juu ya bajeti. Leo sitaigusa. Nataka kusema juu ya mapambo: bangili, vikuku na shanga. Naona vijana wanacheka. Na wacheke. Mimi pia nilicheka nilipokuwa na umri wao, na kicheko hicho ndicho kilichonisimamisha hapa.

Mwezi uliopita binti yangu alirudi nyumbani amevaa mkufu wenye kidani cha mfupa, kilichochongwa kwa mfano wa ndoana. Nikamwuliza maana yake. Akanijibu bila kusita, "Baba, hii ni ndoana ya Hawaii. Anayeivaa anatakiwa safari njema ya majini, na riziki." Alikuwa ameyasoma kwenye kadi iliyokuja na mkufu. Visiwa vya Hawaii viko katikati ya Bahari ya Pasifiki, na tangu mwaka 1959 ni jimbo la Marekani. Wenyeji wake walivua kwa ndoana za mifupa, na machifu wao walivaa kidani cha jino la nyangumi, kilichotundikwa kwa nywele za binadamu zilizosukwa. Basi si ajabu kwamba mpaka leo mafundi wa huko huchonga ndoana, kasa na mawimbi. Wanachonga maisha yao.

Kisha mtoto akaniuliza, "Na sisi, baba, tulivaa nini?"

Ndugu Mwenyekiti, nina shahada ya chuo kikuu. Nimeandika taarifa nyingi ambazo wakubwa wangu wamezisifu. Lakini swali hilo lilininyamazisha.

Si kwamba Kigoma haikujua mapambo. Msafiri Mwingereza Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alikuta soko linaendeshwa kwa shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Asubuhi watu wenye mifuko ya sofi walizibadilisha kwa shanga nyingine za wanunuzi, na soko lilipofungwa walizipokea tena, wakipata faida mara mbili. Hiyo ilikuwa benki, vijana, kabla ya benki. Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kwamba shanga nyekundu za samsam ziliitwa pia "kivunja-mji", kwa jinsi wanawake walivyozipenda. Huko Unyamwezi na kwa majirani zake, watemi walivaa kibao cha duara kilichokatwa kwenye kitako cha konokono wa Bahari ya Hindi. Mtu ambaye hajaiona bahari aliivaa kwenye paji la uso. Na kwa ndugu zetu wa Burundi na Rwanda, mama aliyezaa huvikwa kichwani urugori, ukanda wa ubua wa mtama. Ukimwona umemsoma.

Sasa nije kwenye kicheko changu.

Mwaka 1995 nilikuwa kidato cha pili hapa. Siku ya wazazi bibi yangu alikuja kutoka Kibondo, akiwa nyuma ya lori, vumbi mpaka kwenye kope. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vikuku saba vya waya. Alipomwona mwalimu wa zamu aliinama na kumwamkia kwa kupiga makofi, kama inavyompasa mtu wa Buha mwenye adabu, na kila alipopiga, vikuku vililia. Wavulana wakacheka. Nami, ili nisionekane wa kwake, nikacheka pamoja nao. Jioni nikimsindikiza nilimwambia, "Bibi, siku nyingine usije na vile vyuma." Hakunijibu. Muhula uliofuata alikuja mikono mitupu, na kwenye ngozi yake ilibaki alama ambapo vikuku vilikaa kwa miaka mingi.

Bibi alifariki mwaka 2004. Vikuku vilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Baadaye akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, na kijana mmoja wa pale nyumbani akaviuza kwa uzito, pamoja na sufuria iliyotoboka. Simlaumu. Aliuza waya, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu kingine.

Baada ya swali la binti yangu nilimwendea shangazi, ambaye sasa ni mzee sana. Akanieleza. Vikuku vinne vyembamba vilikuwa mikataba minne ya babu kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Mnajua kwamba wakoloni waliifanya Kigoma kuwa ghala la vibarua. Wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, na wanaume wa Buha walikwenda kwa maelfu. Waliitwa manamba. Siku 30 za kazi zikijazwa kwenye kipande ndipo mshahara hulipwa. Kila babu aliporudi alileta waya wa shaba nyeupe, na fundi akausokota. Vikuku viwili vinene vilikuwa vya watoto wawili waliozikwa wadogo. Nikamwuliza juu ya cha saba. Akatikisa kichwa. Cha saba alikijua bibi peke yake.

Vijana, siku ile nilicheka jasho la babu yangu na makaburi ya watoto wa bibi yangu. Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Sikujua kwamba walikuwa wakinisema mimi.

Sitaki kuwaacha na majuto matupu, maana majuto hayajengi. Watu wa Hawaii wana kisiwa kiitwacho Niihau, ambako wanawake hutunga mikufu kwa konokono wadogo wa ufukweni. Mwaka 2004 jimbo lao lilitunga sheria: mkufu usiuzwe kwa jina la konokono wa Niihau isipokuwa konokono wake wawe wa huko, na uwe umetengenezwa Hawaii. Maana ilitunzwa, na riziki ikatunzwa. Sisi tuna pembe za ng'ombe, mbegu, na nyaya za shaba kutoka mota zilizokufa. Nyara za wanyamapori msiguse. Ziacheni Moyowosi, sheria ya mwaka 2009 ni kali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi chenye kazi nzuri kije. Nitawaonyesha jinsi ya kujaza fomu, hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Lakini kabla ya fomu, naomba jambo moja ambalo halina gharama. Likizo hii, kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja wa kwao, Kasulu, Kibondo au popote, amwulize: Ulivaa nini? Nani alikupa? Kwa nini? Ayaandike kwenye daftari, na jina la mzee, na tarehe. Wanafunzi wa zamani tutanunua madaftari na kabati la kuyatunzia. Nimekwisha kuzungumza na Mweka Hazina, naye hakukataa, jambo ambalo ni la kihistoria.

Msingoje. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita kila wiki.