Jibu Alilolijua Akalikosa



Ndugu zangu, dada zangu, sitawachosha, najua taraweh ilikuwa ndefu. Humu ndani kuna watu wakiulizwa mambo ya filamu hujibu swali kabla halijaisha. Basi leo nawaletea swali moja la sinema lililotikisa televisheni ya Marekani.

Filamu gani ilishinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955? Jibu ni Marty, hadithi ya muuza nyama wa Bronx aliyekosa mchumba. Aliyeulizwa ni Herbert Stempel, mwanafunzi wa chuo mjini New York, katika kipindi cha chemsha bongo cha Twenty-One cha NBC, tarehe 5 Disemba 1956. Stempel aliipenda mno filamu hiyo, ameshaitazama zaidi ya mara moja. Lakini alijibu On the Waterfront, ambayo ilishinda mwaka uliotangulia.

Kwa nini? Aliambiwa akosee!

Kwa wiki kadhaa mtayarishaji wa kipindi, Dan Enright, alikuwa akimpa majibu mapema. Alimchagulia suti isiyomkaa vizuri, akamfundisha hata namna ya kupangusa jasho: gusagusa paji la uso, usifute. Mle kwenye kibanda cha kioo walizima makusudi mashine ya kupoza hewa ili jasho litoke kweli. Kisha wakampata Charles Van Doren, mwalimu wa Columbia University, kijana mtanashati wa ukoo wa wasomi. Stempel ikabidi aanguke.

Wengine humhurumia Stempel. Mimi namhurumia nusu. Karibu dola 50,000 alizichukua, na majibu aliyakubali. Lakini hebu tazameni: anayenunua karatasi ya mtihani hulipa ili aonekane anajua. Huyu alilipwa ili aonekane hajui, tena jambo alilolipenda. Mwenyewe alisema hilo ndilo lililomuuma.

Van Doren naye alipewa majibu, akashinda dola 129,000, na picha yake ikatoka kwenye jalada la gazeti la Time mwaka 1957. Watu wakasema, vijana wetu wapate mfano wa kuiga! Stempel alipojaribu kueleza ukweli, mwanzoni alionekana ana wivu tu.

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi hawalijui. Wakati ule hakukuwa na sheria iliyokataza kupanga matokeo ya kipindi; bunge la Marekani lilipitisha sheria hiyo mwaka 1960. Kilichowafikisha kortini Van Doren na wenzake ni kiapo. Waliapishwa waseme kweli kuhusu kipindi hicho, wakasema uongo. Tarehe 2 Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya bunge, akapoteza kazi ya Columbia na ya NBC. Mwaka 1962 akakiri kortini kosa la kiapo cha uongo, akapewa hukumu iliyoahirishwa. Jamani, ati mchezo wa maswali tu!

Mwaka 1994 Robert Redford alikitengenezea filamu kisa hiki, inaitwa Quiz Show. Nayo ikashindania Oscar ileile ya filamu bora, isipate. Ilikwenda kwa filamu gani? Naona mikono imeshapaa huko nyuma. Ni Forrest Gump, ishusheni.