Shabunda: deni lisiloisha shimoni

Wasikilizaji, tukisema utumwa, wengi huwaza minyororo. Kule Shabunda, mashariki mwa Kongo, mtu hufungwa kwa daftari la madeni. Kijana anaingia kwenye shimo la dhahabu au kasiterite, yaani madini ya bati, akiwa amekopeshwa sururu, tochi, mchele na dawa ya malaria. Barabara ya Bukavu ni mbovu, bidhaa nyingi hufika kwa ndege, bei iko juu. Na mara nyingi anayemkopesha ndiye anayenunua madini yake, kwa bei anayoipanga mwenyewe. Deni haliishi, naye haondoki. Hiyo ni kazi ya lazima, tuiite hivyo.

Kuna pia salongo. Enzi za Rais Mobutu ilikuwa kazi ya kujenga nchi. Wenye bunduki wameigeuza siku ya kuchimbiwa bure. Wanamgambo wa Raia Mutomboki walizaliwa Shabunda mwaka 2005 kuwakinga wananchi na waasi wa FDLR, lakini kufikia 2014 baadhi yao walikuwa wakizitoza kodi mashine za kuchimba dhahabu katika mto Ulindi.

Mgodi ukikaguliwa ili upewe alama ya kijani, yaani ruhusa ya kuuza madini yake, huulizwa habari za wenye silaha, watoto na wajawazito. Ni vizuri. Ila mkaguzi alifungue na lile daftari, kisha amwulize mchimbaji, bosi wake akiwa mbali: ukitaka kurudi kwenu leo, utaachiwa?