Leseni ya pikipiki, au ya mtu?



Juma hili nataka tuzungumzie leseni za pikipiki na bajaji zinazotubeba kila siku hapa Shinyanga. Swali langu ni moja. Inapoamuliwa nani afanye kazi hiyo na asimame kijiwe gani, anapimwa nani hasa? Ni chombo, ni mwenye chombo, au ni kijana aliyeshika usukani?

Biashara hii haikuanza na pikipiki. Jina la bodaboda lilizaliwa miaka ya 1960 mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli toka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Hapa kwetu nako baiskeli ndiyo iliyotangulia, na tukaibatiza jina la daladala. Pikipiki zilipofurika, sheria ilikuwa bado iko nyuma. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010. SUMATRA, iliyokuwa na mamlaka hayo wakati ule, iliikasimu kazi ya kutoa leseni kwa halmashauri, na busara yake inaeleweka: aliye karibu na kijiwe ndiye anayekijua. Mwaka 2019 SUMATRA iliondoka na LATRA ikashika nafasi yake. Lakini mamlaka yabadilike yasibadilike, kijiwe kinabaki kuwa cha mji, na mji una madiwani wake.

Sasa tuangalie tatizo lilipo. Kuna leseni mbili ambazo wengi wetu tunazichanganya. Ya kwanza ni ya udereva, inayosema kwamba mtu huyu anajua kuendesha. Ya pili ni ya usafirishaji, inayoruhusu chombo kubeba abiria kwa malipo, nayo huombwa na mwenye chombo. Mwenye chombo, yule ambaye vijana humwita tajiri, mara nyingi hapandi pikipiki hiyo hata siku moja. Anayeipanda ni kijana wa hesabu ya kila siku, au kijana wa mkataba anayelipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake. Akichoka, humwachia deiwaka. Kwa hiyo hutokea kwamba leseni ina jina la mtu mmoja, mkataba una jina la pili, na aliyekubeba usiku huo ni wa tatu.

Fikirieni mama anayetoka Ngokolo saa nane usiku na mtoto mwenye homa, akielekea hospitali. Mama huyo hana haja ya kujua kama ada ya pikipiki imelipwa. Anachotaka kujua ni huyu kijana ni nani, na kesho akitafutwa atapatikana wapi.

Msidhani jambo hili ni letu peke yetu. Mjini London, Novemba 2019, mamlaka ya usafiri ilikataa kuiongezea leseni kampuni ya Uber. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba madereva wasioruhusiwa waliweza kubandika picha zao kwenye akaunti za wenzao, na zaidi ya safari 14,000 zikafanyika kwa namna hiyo. Kampuni ilikwenda mahakamani, ikaeleza ilivyorekebisha, na Septemba 2020 ikapewa leseni. Nawaomba mtazame mambo mawili hapo. Mkataaji alitaja sababu zake hadharani, na aliyekataliwa alipata mahali pa kujitetea.

Kwetu mambo hayo mawili yana thamani vilevile. Kijana anayeondolewa kijiweni bila kuelezwa kosa lake anapoteza mlo wa jioni, na mkataba wake unaanza kuyumba. Serikali yenyewe ilikwisha kutambua udogo wa kipato chao: mwaka 2021 ilishusha faini za barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000. Nafuu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini nafuu ya faini haimwambii abiria amepanda na nani.

Mimi naona dawa si kupandisha ada. Kwanza, kila kijiwe kiwe na daftari la waendeshaji, deiwaka wakiwemo, na nakala iwekwe ofisi ya kata. Pili, namba ya mwendeshaji iandikwe mgongoni mwa kizibao chake, kwa maandishi ambayo hata mzee ataweza kuyasoma. Tatu, tajiri anayemkabidhi chombo mtu asiyemo daftarini aulizwe yeye kwanza, kabla ya kijana. Nne, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na siku ya kusikilizwa.

Yupo atakayesema waachieni wenyewe vijiweni, wanajuana. Ni kweli wanajuana, na mkoa huu unajua nguvu ya watu wanaojuana. Sungusungu walizaliwa huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda wenye bunduki na magari. Lakini tunakumbuka pia kwamba palipokosekana mipaka, wapo walioonewa, na mwaka 1989 ilibidi sheria iwatambue. Kijiwe kitoe ushahidi juu ya watu wake, na halmashauri ibebe uamuzi.

Waheshimiwa madiwani, mnapopokea taarifa za mapato ya leseni, ulizeni pia ni waendeshaji wangapi wanaojulikana kwa majina. Mkipata hesabu ya fedha bila hesabu ya watu, basi mmeandikisha pikipiki tu, na pikipiki haijapata kumtendea mtu wema wala ubaya.

Hadi juma lijalo, kwaherini.