Kichefuchefu cha Mama Mjamzito

Akina mama wa Manyatta, nanyi waume zao, kichefuchefu cha miezi ya kwanza si uchawi. Mama na ale kidogo kidogo, mara nyingi: kipande cha mkate mkavu kabla ya kuondoka kitandani, kisha chai ya tangawizi isiyo kali. Harufu ya samaki ikimchafua roho, mwingine na apike. Asijinunulie dawa dukani: thalidomide, waliyopewa wajawazito kutuliza kichefuchefu, iliondolewa Ujerumani Magharibi mwaka 1961 kwa kuwa ililemaza watoto tumboni. Lakini kutapika pamoja na homa, hapa kando ya Ziwa, huenda ikawa malaria. Mwenye homa, au asiyeweza kuzuia hata maji tumboni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.