MAELEZO YA OFISI YA TAWI KUHUSU BEI YA MAFUTA (yamesomwa mkutanoni, tunayatuma kwa ambao hawakufika)



Tumeombwa tueleze kwa nini mafuta yakishuka duniani, sheli hayashuki kiasi hicho. Wapo waliokwisha kumtukana kijana wa pampu humu kwenye kundi. Jamani, yeye hapangi bei. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kituo hakiruhusiwi kuivuka.

Ndani ya bei hiyo mna ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo ya petroli. Zote hutozwa kwa shilingi kwa kila lita, si kwa asilimia. Tuchukue mfano wa kujifunzia, si bei ya mwezi huu: mafuta yamefika bandarini kwa 1,500, kodi na tozo 1,000, usafirishaji na faida 500. Unalipa 3,000. Bei ya dunia ikishuka kwa theluthi, ile 1,500 inakuwa 1,000, mengine yamekaa palepale. Unalipa 2,500. Dunia imeshusha theluthi, wewe umepunguziwa sehemu moja ya sita. Kwa haki tuseme pia kwamba dunia ikipanda, tozo hizi hazipandi nayo. Anayedai asilimia alifikirie hilo kwanza.

Kinachotuuma ni nyongeza. Julai 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni ya barabara za TARURA. Julai 2023 ikaja 100 nyingine, ya miradi ya kimkakati. Bodaboda anayeweka lita 4 kwa siku analipa 800 kwa nyongeza hizo mbili tu. Kwa siku 26 ni 20,800, na hesabu ya bosi haijapungua hata senti. Wa daladala naye nauli hupangiwa na LATRA, hawezi kujiongezea.

Hatusemi tozo zifutwe. Bila Mfuko wa Barabara hata greda hatutaliona. Ila aliyelipa ana haki ya kuona hesabu. Barabara ya kwenda zahanati, mvua ikinyesha bajaji bado zinashusha wagonjwa njiani. Kwa hiyo tunamwandikia Mheshimiwa Diwani atujibu kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani: ile mia ya TARURA imeleta shilingi ngapi kwenye halmashauri yetu, na ni barabara ipi ya kata hii imeguswa?

Vijana, leteni ofisini risiti za EFD za wiki 2, mwisho Ijumaa saa 10 jioni, tuziambatishe kwenye barua. Za kuandikwa kwa mkono hatupokei. Asiyepewa risiti aidai palepale, kabla hajawasha pikipiki.

Katibu wa Tawi